Ribiti ya Kumi na Tisa

Wewe wa kumi na tisa, mstari wa chini, ubavu wa saba,
nilikuona.
Nilikuona usiku, kwa tochi ya simu,
nikipitisha kidole gumba juu ya wenzako, mmoja mmoja,
kama mtu anayechambua maharage umeme umekatika.
Kumi na wanane walikuwa laini.
Wewe ukanikwaruza.

Kichwa chako kimelala upande,
kofia ya mtu anayerudi kilabuni Mbalizi.
Nikakumbuka: keekee iliteleza,
nikatoboa tena pembeni ya nilipotoboa,
matundu mawili yakashikana yakawa nane.
Nane!
Na tarehe nane, mwezi wa nane,
nimewaahidi watu wa Uyole kuwa ubawa huu watauona.

Nikakuacha.
Mko mia nne na kumi, nani atahesabu?
Rangi itafunika.
Nikafunga banda, nikala makande yaliyopoa, nikalala chali,
upepo ukashuka kutoka Loleza
ukalikuta bati la jikoni,
lile lenye msumari mmoja uliolegea.
Kata-kata. Kata-kata.
Mpaka jogoo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyoambiwa.
Sawa. Lakini kule juu ya mashamba ya pareto
hakuna ukuta, hakuna tofali,
hakuna fundi wa kuambiwa njoo kesho.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeingia bandani kabla yetu.
Tusekile kaja na sweta mbili, moja juu ya nyingine,
akakunja mikono yote minne.
Mkono wake hupita ndani ya ubawa, wangu haupiti;
ndiye aliyeshika chuma upande wa pili
siku nilipokugonga.
"Mjomba, ni ile?"
"Ipi?"
"Ile iliyolia tofauti."
Alijua. Wiki nzima alijua,
akanywa chai yangu, akangoja niseme mwenyewe.

Karakana ya reli walinifundisha kupigilia.
Kung'oa hawakunifundisha;
kung'oa nimejifunza kwa mabati niliyoyaharibu.
Alama katikati ya kichwa, gonga moja.
Keekee nyembamba kuliko wewe, polepole,
usiibe hata unywele wa alumini ya pembeni,
mpaka kichwa kizunguke
kama pete kwenye kidole kilichokonda.
Kikatoka.
Shina lako likadondokea ndani ya ubawa: ting.

Nusu saa tulikutafuta kwa sumaku.
Kwa sumaku! Mimi, fundi wa miaka ishirini na sita,
natafuta alumini kwa sumaku.
Tusekile alicheka mpaka akakaa chini.
Tukauinua ubawa wote, tukautikisa kama debe la mahindi,
ukatoka, ukabingirika hadi kwenye maranda.

Tundu likabaki linatutazama.
Ribiti nene haikufaa; nane haizibwi kwa duara.
Nikakata kiraka, ukubwa wa kiberiti,
nikazifuta pembe zake kwa tupa zisije zikazaa ufa mwingine,
nikakifunga kwa ribiti ndogo nane.
Nane tena. Hesabu haina aibu.
Ubawa umeongezeka uzito wa kijiko cha chai.
Ndani, rangi isikofika, nimeandika kwa penseli:
Hapa nilikosea. Iwambi, Julai tatu.
Tusekile akaongeza chini yake, kwa herufi ndogo:
na mimi nilinyamaza.

Maonyesho yatapita bila sisi.
Watu watatazama ng'ombe wa maziwa,
watasema yule wa ndege ni maneno tu.
Waseme.

Na wewe, umo mfukoni mwa koti, pamoja na sarafu.
Juzi nilikutoa kwa bahati mbaya nikilipa nyanya.
Mama Gwantwa akakugeuzageuza kiganjani,
akaniuliza ni pesa ya nchi gani.